Pimbi Amwajiri Kiboko

"Jamani, naleta ngano!"

"Ilete tuione!"

"Ina tumbo kubwa na miguu mifupi!"

"Ipisheni njia ipite!"

Basi itapita polepole, maana ni nzito.

Hapo kale, katika nchi ya wanyama, moto ulipita porini, waa, waa, waa! Ukala miti ya matunda, ukala nyasi ndefu. Wanyama walikimbia, kisha wakarudi. Lakini kazi zao hazikurudi. Aliyezoea kuchuma matunda hakuwa na tunda la kuchuma. Aliyezoea kusuka viota hakuwa na nyasi za kusukia. Wakapanda juu ya jiwe kubwa jeusi, wakakaa. Jua likatoka, wamekaa. Jua likazama, wamekaa.

Mvua zikanyesha, nyasi zikaota, mashamba yakachipua. Kazi zikapatikana tena, lakini hakuna aliyewaita wale wa jiweni. Wenye mashamba waliwatazama kwa mbali wakasema, "Wale wamekaa mno. Mikono yao imeshasahau kazi."

Kwenye jiwe lile alikuwepo Mzee Kobe. Alikuwepo Kanga. Na alikuwepo Pimbi, yule mnyama mdogo wa mawe, mfupi, mnene kidogo, asiye na mkia wa kuringia. Zamani Pimbi alikuwa mlinzi wa mashamba. Akimwona mwizi alipiga mbinja, fyuuu! Sasa hakuna aliyetaka mbinja yake, na watoto wake walikuwa wanatafuna majani makavu na kumtazama usoni.

Mtawala wa nchi, Bibi Tembo, akawaonea huruma. Yeye alikuwa na pango la chumvi huko mlimani, na chumvi ile kila mnyama aliitamani. Akatangaza:

"Yeyote atakayempa kazi mnyama aliyekaa muda mrefu bila kazi, nitampa chumvi. Akimchukua mdogo, atapata bonge dogo. Akimchukua mkubwa, atapata bonge kubwa, kwa sababu mkubwa hula sana, na kumweka kazini ni mzigo."

Nia yake ilikuwa njema kabisa. Jambo moja tu alilisahau. Hakusema huyo mnyama akae kazini mpaka lini.

Kiboko ndiye aliyeligundua. Kiboko alikuwa na bwawa, na kando ya bwawa shamba la maboga. Hakulima, hakupalilia. Maboga yalijiotea, yeye akayala, akalala.

Asubuhi moja akaja jiweni, du, du, du.

"Mzee Kobe! Njoo nikupe kazi."

Kobe machozi yakamlenga. Akashuka, akafika shambani. Akaja Korongo, mjumbe wa Bibi Tembo, klak, klak, akasimama kwa mguu mmoja akauliza kama sheria ilivyotaka:

"Nani mwenye shamba?"

"Mimi!" akasema Kiboko.

"Nani anapewa kazi?"

"Mimi," akasema Kobe.

"Umekaa bila kazi tangu lini?"

"Tangu moto."

"Yaliyosemwa mbele yangu yamesemwa," akasema Korongo, akaruka.

Kobe akang'oa magugu, ng'o, ng'o, ng'o. Alasiri bonge la chumvi likaletwa. Kiboko akalilamba, lamb, lamb, likaisha.

"Mzee Kobe, kazi imekwisha. Nenda kwako."

"Lakini bwana, magugu bado yapo."

"Magugu yapo. Kazi haipo."

Siku iliyofuata Kiboko akaja tena, du, du, du. "Kanga! Njoo nikupe kazi." Korongo akaja, klak, klak. Nani mwenye shamba? Mimi! Nani anapewa kazi? Mimi. Tangu lini? Tangu moto. Kanga akaparura wadudu kwenye maboga, paru, paru. Chumvi ikaja. Lamb, lamb.

"Kanga, kazi imekwisha."

"Lakini bwana, wadudu bado wapo."

"Wadudu wapo. Kazi haipo."

Basi Mzee Kobe akajikongoja mpaka kwa Nyani, mwenye shamba la karanga.

"Shikamoo, Bwana Nyani. Naomba kazi."

"Marahaba, mzee wangu. Umekaa bila kazi tangu lini?"

"Tangu juzi."

"Juzi tu? Pole, mzee. Wa juzi haleti chumvi. Rudi ukakae mpaka ukae sana, halafu uje."

Kobe akarudi jiweni, akaingia ndani ya gamba lake, hakutoa kichwa kutwa nzima. Pimbi alikaa karibu naye, akasikia jinsi mzee yule alivyokuwa anahema humo ndani. Akawatazama wanawe. Akajua kwamba kesho ni zamu yake, na baada ya kesho hata thamani ya kukaa bure hatakuwa nayo.

Hakungoja kuitwa. Akashuka, piti, piti, piti, mpaka bwawani.

"Shikamoo, Bwana Kiboko."

"Marahaba. Umejileta mwenyewe? Vizuri. Nitaamka nikuajiri."

"Asante, bwana. Ila nakuonea huruma. Mimi nilivyo mdogo, bonge langu litakuwa kama jicho la ndege. Utalamba nini?"

Kiboko akaguna, "Hmmm. Hilo hata mimi limeniudhi. Jiweni wamebaki vijitu tu."

"Hivi katika nchi hii hakuna mnyama mkubwa, mnene, asiyefanya kazi miaka yote?"

Kiboko akafikiri. Akafikiri mpaka mapovu yakatoka majini, bwibwibwi.

"Nyati?"

"Nyati hubeba mizigo."

"Faru?"

"Faru hukanyaga njia. Namsema mtu anayelala asubuhi, akalala mchana, akalala jioni."

"Huyo ni mimi!" akasema Kiboko, akafurahi. Kisha akatulia. "Pimbi. Huyo ni mimi. Bonge langu litakuwa kubwa kiasi gani?"

"Kama mlango wa pango, bwana. Tatizo wewe una shamba, na mwenye shamba hahesabiwi kuwa hana kazi. Labda shamba liwe la mtu mwingine. Lakini utampa nani? Wakubwa watakunyang'anya."

Kiboko akamtazama Pimbi toka masikio mpaka kucha.

"Wewe unafaa."

"Mimi? Niache, bwana. Naogopa Korongo."

"Usiogope bwana! Utasema neno moja tu."

"Haya, kwa kuwa umesema wewe."

Korongo akaja, klak, klak.

"Nani mwenye shamba?"

Kiboko akameza mate. "Pimbi."

"Ni lako, Pimbi?"

"Ni langu."

"Nani anapewa kazi?"

"Mimi," akasema Kiboko.

"Umekaa bila kazi tangu lini?"

"Tangu nizaliwe."

Hata Korongo alibadilisha mguu. "Yaliyosemwa mbele yangu yamesemwa."

Alasiri Nyati wakalileta bonge wakilisukuma kwa pembe, giringi, giringi, giringi. Kiboko akapanua kinywa. Korongo akasimama mbele yake.

"Chumvi ni ya mwajiri."

"Lakini shamba ni langu!"

"Umesema ni la Pimbi."

"Nilikuwa natania!"

"Na chumvi hii ni ya utani?"

Kiboko akanguruma, maji yakatikisika. Akawatazama Nyati. Nyati nao wakamtazama, pembe chini, bila haraka. Kiboko akafunga kinywa polepole.

Pimbi akasogea mbele. "Bwana Kiboko, sikufukuzi. Maboga yana kiu. Pita kutoka bwawani mpaka kule mwisho wa shamba, ukiburuza tumbo, tupate mfereji."

Kiboko akapita, kruu, kruu, huku akinung'unika. Maji yakamfuata nyuma. Pimbi akapiga mbinja, fyuuu! Mzee Kobe akatoa kichwa, akaja kupalilia. Kanga akaja kudonoa wadudu. Hawakuwa na chumvi yoyote ya kumletea Pimbi, na Pimbi hakuwauliza wamekaa tangu lini. Jioni wote wakala boga, wakalamba chumvi, na watoto wa Pimbi wakalala wakiwa na matumbo kama ngoma.

Bibi Tembo alipopata habari alicheka mpaka mlima ukasikia. Kisha akaongeza neno kwenye sheria yake, kwamba chumvi itatolewa baada ya mavuno, na mfanyakazi awe bado yupo.

Kiboko siku ile mgongo ulimuuma, usingizi ukamjia mtamu ambao hakuwahi kuuonja. Lakini kabla hajafumba macho, wasiwasi ukamshika. Akamwita Pimbi kwa sauti ndogo.

"Bosi, kesho kazi ipo?"

"Ipo."

"Kweli ipo?"

"Lala, Kiboko."

Funzo la ngano hii ni kwamba mnyonge asijitie kwenye mambo ya wakubwa, hayawezi. Akae jiweni, anyamaze, angoje. Wakubwa wana huruma, watamkumbuka. Na serikali ikigawa chumvi, haipotei hata punje.

Mnacheka nini? Ngano imeshapita hiyo. Aliyelala mfunikeni shuka, na aliyesikia akamsimulie jirani.