Uwanja wa Nyumbani

Mtu mmoja alikuwa na ndege ndogo ya viti vinne na watoto wawili wa kuirithi. Jina lake Mwaisumo. Kwa miaka mingi alipeleka dawa kwenye zahanati za milimani na kurudi na wagonjwa wa kupelekwa hospitali. Macho yake yalipoanza kufifia, aliwafundisha urubani binti yake Tusekile na mdogo wake Ambwene. Walipoweza kuruka peke yao, akampa kila mmoja mafuta ya saa sitini ajizoeze apendavyo. Mwishoni angemchagua mmoja.

Ambwene alikuwa mtu wa bidii. Aliruka, akazunguka, akatua. Akaruka tena, akatua tena, kwenye uwanja ule ule wa nyumbani. Alijua kwamba akifika juu ya bati la mashine ya kusaga apunguze moto wa injini, na bawa likifika usawa wa kichuguu ainue pua. Alitua hivyo mara mia nne, mpaka magurudumu yakachora mistari miwili kwenye nyasi. Kila jioni alirudi ndani na moyo mtulivu, kwa sababu hakuna kilichomshtua kutwa nzima.

Tusekile alikwenda huku na huku. Alitua kwenye uwanja wenye matope, kwenye uwanja wenye ng'ombe, kwenye ule wa bondeni ambako upepo hupiga ubavuni, na kwenye ule wa Ikombwa, uliolala juu ya mgongo wa mlima kama ngazi iliyoegemezwa ukutani. Hakuupatia vizuri hata mmoja. Ndege ilidunda, ikaenda upande. Ambwene alimcheka.

"Dada, hiyo ndege unaitua au unaitupa?"

"Naitupa," alijibu Tusekile. "Lakini huwa nashuka nikiwa mzima, mdogo wangu."

Siku ya kuchagua, Mwaisumo alitandika shuka jeupe katikati ya uwanja wa nyumbani, akaketi kando kwenye kiti. Magurudumu ya Ambwene yaligusa shuka mara tano kati ya tano. Ya Tusekile yaligusa mara moja. Majirani wakapiga makofi, Ambwene akapewa ufunguo, na hakuna aliyeona dhuluma, hata Tusekile mwenyewe.

Mwezi wa pili baada ya hapo, saa nne asubuhi, redio ya zahanati ya Ikombwa iliita. Mwanamke aitwaye Sekela alikuwa na uchungu tangu jana yake, na mtoto amekaa vibaya. Ambwene aliondoka mara moja. Aliuona uwanja, alimwona na mume wa Sekela akipunga blanketi. Lakini hapakuwa na bati la mashine, wala kichuguu. Na uwanja unaopanda mlima hudanganya jicho: rubani hujiona yuko juu mno, hushuka zaidi, kumbe ardhi inamjia. Ambwene akashuka. Vichwa vya miti vikajaa kiooni. Akatia moto, akapanda. Akajaribu tena, na mara ya tatu, na mara zote mikono yake ilifanya barabara kile ilichozoea kufanya, mahali pasipokuwa pake. Mafuta yakabaki ya kumrudisha nyumbani tu.

Nyumbani alitua vizuri kama siku zote. Tusekile alikuwa amesimama pale. Ambwene alimkabidhi ufunguo.

"Mimi najua kutua hapa," alisema.

Tusekile akajaza mafuta, akaenda. Alitua Ikombwa kwa kudunda, akampakia mgonjwa, akafika naye hospitali saa nane na nusu. Mtoto alipona. Sekela alifariki saa kumi. Daktari alisema, bila kumlaumu mtu, kwamba angeletwa mapema kwa saa mbili wangemwahi.

Ambwene alipanda Ikombwa kwa miguu kwenda kutoa pole. Mume wa Sekela alimkaribisha kwenye mkeka. Alimimina chai vikombe viwili, akakiweka cha pili upande wake wa kushoto, ambako hapakuwa na mtu. Kisha akaona amekosea, akamsogezea mgeni. Hakuwa na hasira. Alitaka tu kuelewa.

"Ulipita juu yetu mara tatu," alisema. "Nikamwambia mke wangu, usiogope, huyu ndiye yule hodari."

Tusiseme Ambwene alikuwa mvivu, kwa maana hakuwa. Ila tujiulize jambo moja: mtu aliyetua mara mia nne katika uwanja mmoja, ametua mara ngapi?