Skrini Iliyomliza Julienne

Kitanda cha mwenzako ukikitazama kutoka mlangoni, huoni ila shuka safi. Kunguni humwoni. Ndiyo maana wazee wakasema kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Methali hii kila mtu anaijua, na karibu kila mtu anaikanyaga, hasa yule aliyepewa cheo kidogo na funguo za mlango. Afande Ocira alikuwa navyo vyote viwili.

Alikuwa amestaafu jeshini, kitengo cha mawasiliano, akafungua duka la kupiga chapa chini ya kilima cha Old Kampala, pale barabara inapoteremka kwenda Kisenyi. Jeshi lilimwachia Kiswahili cha amri na imani kwamba hakuna mashine asiyoijua. Kompyuta zake mbili alizifunga mwenyewe. Aliziwekea Linux, programu ya bure isiyoshikwa ovyo na virusi, na mteja yeyote aliyekaa kungojea karatasi zake alihubiriwa habari za Linux mpaka akajuta kukaa.

Kompyuta ya kwanza, yenye skrini bapa mpya, ilikuwa yake mwenyewe. Ya pili ilikuwa na skrini ya kioo ya zamani, nene mgongoni kama gunia la mihogo, aliyoinunua mnadani. Mbele ya hiyo aliketi Julienne, mama Mkongo kutoka Bukavu, mpiga chapa wake wa pekee. Vidole vya Julienne, pamoja na Kifaransa na Kiswahili chake, ndivyo vilivyoleta wateja: makanisa ya Wakongo, wachuuzi wa Kisenyi, familia za askari. Na kazi hiyo ndiyo iliyomlisha yeye na mwanawe Bienfait. Akiikosa, hakuwa na nyingine.

Shida ilikuwa kile kioo. Afande alikipangia nukta za kuchorea picha nyingi kupita kiasi ili ukurasa mzima uonekane kwa mara moja, wateja wastaajabu. Lakini skrini ya kioo ya zamani ukiirundikia nukta, huchelewa kujichora upya. Hii ilijichora mara sitini tu kila sekunde. Mpita njia haoni kitu. Anayeikodolea macho kutwa huiona ikipepesa na kupepesa, kama taa inayotaka kufa, mpaka kichwa kimgonge na machozi yamtiririke.

“Afande, hii skrini inacheza,” Julienne alimwambia. “Kichwa kinaniuma hadi natapika. Nakuomba uitengeneze.”

Afande alikuja, akasimama nyuma ya kiti, akatupa jicho. “Inacheza wapi? Hata yangu nimeiweka sitini, na macho yangu hayalii!”

Jamani! Skrini bapa haipepesi hata ukiiweka sitini, kwa sababu taa yake haizimi. Jambo hilo Afande, fundi mkubwa wa Linux, hakujisumbua kuliuliza. Alichukua namba ya kwake akapimia maumivu ya mwenzake, kisha akarudi kunywa chai.

Kila alipoombwa, hasira ilimpanda upya. “Mama Bienfait, kama unataka kupumzika, sema! Nyinyi wakimbizi mmezoea vya kupewa.” Maneno hayo yalimkata Julienne maini, lakini angefanya nini? Alimeza mate machungu, akameza na dawa ya kichwa, akajifunga kitambaa usoni juu ya nyusi na kuendelea kuchapa.

Asubuhi moja aliingia Alum, mjane wa polisi, kuangalia kijitabu cha mazishi ya mumewe. Maiti ilikuwa isafirishwe kwenda Lira alfajiri ya kesho yake. Alum alisoma orodha ya wafiwa, akasimama, akairudia.

“Mbona Santa hayumo?” aliuliza. “Kitinda mimba wangu! Mmemtoa kwa baba yake?”

Afande alifura kwa hasira. Alimgeukia Julienne mbele ya wateja wote. “Wewe mama, umelewa?”

Julienne aliinuka. Uvumilivu ulikuwa umemwishia. “Mimi sinywi pombe, Afande, na unajua! Nimekuambia hadi ulimi umechoka: herufi zinaruka, mistari siioni. Unasimama nyuma yangu kidogo tu, halafu unasema hakuna kitu. Kaa wewe! Kaa hapa kutwa nzima, ndipo uniite mlevi!”

“Toka!” Afande alinguruma. “Toka kwenye duka langu! Nitakaa, na kazi ya huyu mama nitaimaliza leo leo. Watu wote waone kwamba ubovu si skrini, ubovu ni wewe!”

Julienne alichukua mkoba wake. Alimwomba Alum msamaha, akatoka bila kumwangalia Afande.

Basi Afande akaketi. Mwanzoni alijichekea na kuwakonyeza wateja, “Mnaona? Kitu gani hapa?” Kabla ya adhuhuri alikuwa ameacha kukonyeza. Macho yalianza kuwasha kama yaliyotiwa pilipili. Akayafikicha, akayafumba, akayafumbua, na herufi zikazidi kucheza. Mteja aliyemsalimu alitukanwa. Aliyeuliza bei alifukuzwa. Skrini yake bapa ilikuwa pale pale mkono wa kushoto, lakini alikuwa amejifunga kwa mdomo wake mwenyewe mbele za watu, na kiburi hakikumruhusu kuhama. Alasiri alitoka nyuma ya duka akatapika. Alikiona cha mtema kuni, akarudi kukaa, akamaliza akilaani.

Alum alirudi jioni. Akakifungua kijitabu, akasoma kwa kidole.

“Santa yumo,” alisema polepole. “Lakini mimi simo. Na mwanangu Erinayo mmemwandika mara mbili. Afande, asubuhi ulimwita yule mama mlevi. Wewe je, umekunywa nini?”

Hakuna aliyecheka. Ingekuwa afadhali wangecheka.

Afande alitukana skrini, akatukana mnada, akatukana waliotengeneza kioo. Kisha, akiwa bado anahema, alifungua faili la mipangilio, akapunguza nukta, mahali pa sitini akaandika themanini na tano, akawasha skrini upya. Kioo kikatulia tuli. Herufi zikasimama kama askari kwenye gwaride. Kazi yenyewe ilikuwa imeisha kabla chai haijapoa, na hiyo ndiyo aliyokuwa akiombwa miezi yote ile. Hasira yake ikakosa pa kwenda, ikamgeukia mwenyewe. Alikisahihisha kijitabu, akakisoma pamoja na Alum neno kwa neno, akakichapa.

Kesho yake aliteremka Kisenyi. Alimkuta Julienne uani kwake, amepiga magoti mbele ya beseni, anafua nguo za watu.

“Mama Bienfait, nimekosa,” alisema, na sauti ya amri haikuwepo. “Skrini nimeitengeneza. Imetulia kabisa. Rudi kazini.”

Julienne hakuacha kufua. “Umeitengeneza lini?”

“Jana jioni.”

“Baada ya kichwa kukuuma wewe?”

Afande aliitikia kwa kichwa.

“Kilipouma changu, hukuitengeneza.” Julienne alikamua shati kwa nguvu zake zote, maji yakamrukia Afande viatuni. “Mimi sina kazi, Afande, na mtoto wangu anataka kula. Lakini kwako sirudi. Hiyo skrini umejitengenezea mwenyewe, kaa nayo.”

Afande akakaa nayo. Makanisa yakapeleka nyimbo zao kwingine, wachuuzi wakafuata, na yeye akabaki ameketi peke yake mbele ya kioo kizuri kisichopepesa, hana wa kumfokea. Hakika, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.