Bakuli la Nje ya Ukuta

Inasimuliwa kwamba Mubaraka mchunga ndiye aliyekuwa wa kwanza kumweleza Bibi Raihana habari ya mbwa wake, Mola awarehemu wote wawili.

Bibi Raihana alikuwa mjane mcha Mungu, mwenye mbuzi wachache na mbwa mmoja wa kuwalinda. Mbwa huyo alikaa nje ya ukuta wa ua, wala hakuwekewa chombo, kwani bibi aliogopa mno najisi. Chombo kilichorambwa na mbwa huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Basi yeye akaona salama ni kutompa chombo kabisa.

Ukaja mwaka wa ukame. Bibi Raihana akawa anatawadha juu ya beseni, na maji yaliyodondoka akiyamwagia mkomamanga wake. Moyo wake ulitulia kwamba hafanyi israfu.

Siku moja Mubaraka alirudisha mbuzi mchana, akamkuta bibi na saumu yake ya sunna.

"Bibi, mbwa wako naye amefunga," alimwambia. "Ila wewe magharibi utafuturu."

Bibi akacheka kidogo, kisha akauliza maana yake. Mubaraka akaeleza kwamba miaka yote mbwa yule alikunywa maji ya udhu yaliyopita chini ya ukuta. Tangu lilipokuja beseni, hapapiti kitu. Sasa amelala juani, hata kubweka hawezi.

Bibi aliinuka upesi, akampelekea maji katika kigae cha mtungi. Mbwa aliyanywa akiwa amelala vilevile.

Alasiri wakaja wanawake wa mtaani kumtaka awaongoze katika dua ya mvua, maana walimjua kuwa mja mwema. Angeweza kunyamaza, aliyejua ni mchunga tu. Haya ilimjaa, lakini akawasimulia yote.

"Wanangu, nitainuaje mikono kuomba maji," alisema, "na aliye ukutani pangu nimemnyima?"

Wakainamisha vichwa. Mmoja akasema polepole, "Hata mbwa wangu, bibi, hana kivuli."

Enyi wapenzi, kujikinga na najisi ni dini, na kumhurumia kiumbe ni dini. Chombo huoshwa kikatakata, lakini kiu haingoji.

Kesho yake, baada ya sala ya alfajiri, Bibi Raihana alisimika miti minne kando ya ukuta, akaiezeka kwa nyasi, akaweka chini yake bakuli la mbwa peke yake. Akalijaza kwanza. Kisha, kwa maji yaliyobaki mtungini, akatawadha kwa sala ya dhuha.