Neno Lililomshinda Sikudhani

Paukwa!

Pakawa!

Twendeni zamani sana, kwenye kijiji kisicho na shule. Huko watu wawili wanagombana.

"Bibi, nisomee! Kijiji kizima ni wewe tu unayejua!"

"Barua ni yako. Utaisoma mwenyewe."

"Lini? Nikishaota mvi kama wewe?"

"Mdomo huo! Shika mchi."

Aliyekuwa akiomba asomewe ni Sikudhani. Barua ilitoka kwa mama yake, aliyekwenda kuchemsha chumvi ng'ambo ya mlima. Bibi ni Bi Kisaka, mzee aliyefundisha watoto kusoma huku wakitwanga. Hakumsomea mtu barua. Alisema ukisomewa leo, kesho hujifunzi.

Walitwanga wawili wawili, kila pigo sauti moja. Twa! "Ya." Twa! "Ko." "Yako!" Kisha Bi Kisaka aliliandika neno kwa kidole, kwenye unga uliotandazwa ungoni. Alianza na maneno madogo yanayorudi kila mstari. Na. Ni. Kwa. Yako.

Siku ya tatu Sikudhani akaifungua barua. "Mama... yako... ni..." Akaruka kwa furaha! Neno lililofuata likamshinda. Herufi zilisongamana.

"Bibi, hili moja tu!"

Bi Kisaka akageuza uso, asione barua ya mtu. "Sauti hizo bado. Twanga."

Twa! Twa! Siku ya nne. Twa! Twa! Siku ya tano, siku ya sita. Siku ya saba mchi ukasimama hewani.

"M... go... njwa. Mgonjwa. Bibi, mama ni mgonjwa! Ananiita!"

Bi Kisaka akakaa chini. Sikudhani akakimbia. Akapanda mlima, akashuka mlima. Akakuta kaburi, udongo bado mbichi.

"Jana, mwanangu," wachemsha chumvi wakamwambia. "Alikuwa akiuliza umefika wapi."

Tangu siku ile, barua ikija, Bi Kisaka aliisoma kwanza, ndipo akafundisha. Watoto walipomuuliza sababu, hakuficha. "Nilikosa," alisema. Kwa hilo tunamkumbuka. Kujifunza kwataka muda, wenzangu, lakini shida ya mtu haingoji somo liishe.

Ngano yangu naiacha mlangoni kwa Sikudhani, siku Bi Kisaka alipokwenda kuomba radhi. Alisimama nje, asibishe hodi. Sikudhani akamwona, akasema:

"Ingia, Bibi. Sijamaliza kulia, lakini ingia."