Pimbi, Tembo na Ungo Uliosikia Nyota

Paukwa!

Pakawa!

Nisimulie au nimeze?

Simulia! Ukimeza itakukwama!

Haya, sogeeni. Mwenye kutafuna atafune polepole, maana leo kuna kazi ya kusikiliza.

Hapo kale wanyama wa uwanda mkavu walikuwa na ungo. Si ungo wa kupepetea mchele, la! Ungo mkubwa kuliko nyumba, umelala juu ya kilima, uso wake umeelekea mbinguni. Ungo huo ulisikia nyota. Maana nyota nazo husema, usiku husema na mchana husema, ila sauti zao ni ndogo mno, hazifiki kwenye masikio yetu haya ya kusikilizia umbea. Sauti ya nyota ikitua kwenye ungo huteremka, ikateremka, ikadondokea ndani ya kibuyu. Kibuyu kikazibwa kwa nta. Kisha kikamiminwa kwenye chujio: upepo huku, nzi huku, kelele za kunguru huku, na kilichobaki ndiyo sauti ya nyota. Anayeisikia nyota mpya wa kwanza ndiye anayeipa jina.

Ungo huo ulijengwa na wote. Ndege Mnana alifuma. Nyani alifunga kamba za kuugeuzia. Tembo alibeba magogo. Na Bi Sikitu, mama yake Pimbi, aliziba nyufa zote kwa udongo, ufa mmoja baada ya mwingine, kwa vidole vyake vidogo. Akaambiwa, "Ahsante mama, subiri zamu yako ya kusikiliza." Akasubiri. Akasubiri mpaka meno yakamtoka. Akasubiri mpaka akafa, na zamu haikuja. Pimbi akamzika mama yake chini ya mwamba, akaapa kwamba nyota moja, hata iwe ndogo kama punje ya mtama, itaitwa Sikitu.

Sasa Tembo, kwa sababu ya yale magogo, akajifanya mwenye ungo. Kila alipopata neno alipanda juu ya kichuguu, akapuliza mkonga, "Paaaaa!"

"Habari mpya kwa wasikilizaji wote! Kuanzia leo, wadogo watasikiliza wakati wa jua kali tu. Asubuhi ni yangu, jioni ni yangu."

"Tumesikia, mkubwa!" wanyama wakaitikia.

"Nimesikia," akasema Pimbi. "Kukubali bado."

Wanyama waliokuwa karibu naye wakasogea pembeni, si unajua, mtu asije akaponzwa na jirani.

Siku zikapita. Tembo akapanda tena kichuguuni. "Paaaaa! Habari mpya kwa wasikilizaji wote! Kuanzia leo kuna chujio jipya, na mchujaji ni mimi. Sauti kubwa itabaki. Sauti ndogo ni takataka, itamwagwa."

"Tumesikia, mkubwa!"

"Nimesikia," akasema Pimbi. "Kukubali bado."

Tembo akamtazama kutoka juu. "Wewe kijitu, ukubali usikubali, inanipunguzia nini?"

"Haikupunguzii kitu, mkubwa. Ndiyo maana sikubali bure."

Basi zamu ya Pimbi ikafika, jua la utosi, mawe yanachoma nyayo. Na wakati huo ndio Tembo alikuwa akishiba maboga na miwa, anajilaza kwenye kivuli cha ungo. Mwiko wa kilima ulikuwa unajulikana: karibu na ungo hakuliwi, hakuimbwi, hakukoromwi. Lakini mwiko wa wote, si wa Tembo!

Pimbi akamwomba Nyani augeuze ungo kidogo kaskazini. Nyani akavuta kamba, krii, krii, krii. Pimbi akatega sikio. Kimya. Akasubiri. Kisha akasikia.

Ti... ti... ti... ti...

Kadogo, kembamba, lakini hakakosei hata pigo moja. Nyota! Hakuna aliyewahi kuisikia. Pimbi alifurahi. Akaweka kibuyu haraka, na sauti ikaanza kudondoka. Ti... ti... ti... Na pale nyuma, chini ya kivuli, tumbo la Tembo nalo likaanza yake.

Nguruuuu! Gududu! Nguruuuu! Puu!

Ungo hauchagui. Yote yakaingia kibuyuni.

Tembo alipoamka akakipokea kibuyu, akakimimina kwenye chujio lake jipya. Ti, ti, ti zikapita pembeni, zikamwagika mavumbini, zikapotea. Pimbi aliziona zikipotea. Moyo ulimuuma, akataka kulia. Lakini alipoinua macho akamwona Tembo amesimamisha masikio yote mawili. Ndani ya chujio kulikuwa kumebaki kitu kimoja tu.

Nguruuuu! Gududu! Nguruuuu!

"Hii nini?" akanong'ona Tembo. Macho yalimng'aa kwa tamaa.

Pimbi akayameza machozi yake. Hasira ilimpa akili. Akaruka, akaukumbatia mguu wa Tembo, akapiga kelele, "Mkubwa, hiyo yangu! Nimeisikia mimi! Ninyang'anye vyote, nyota hiyo niachie!"

"Nyota?" akasema Tembo. "Nyota yenye sauti nzito hivi?"

"Sijapata kusikia nyota yenye heshima kama hiyo, mkubwa. Niachie, nakuomba!"

Ukitaka mlafi akimbilie kitu, mwambie ni chako. Tembo akamkung'uta kama vumbi, akapanda kichuguuni mbio mbio.

"Paaaaa! Habari mpya kwa wasikilizaji wote! Kuanzia leo kila nyota itaitwa kwa jina langu. Na ya kwanza ni hii niliyoisikia mimi mwenyewe, kubwa kuliko zote. Njooni wote mwisikie!"

Pimbi akamsogelea taratibu, amekunja mikono kwa unyenyekevu. "Umenishinda, mkubwa. Lakini mwenye nyota hasimami mbele za watu na njaa. Kula kwanza, ushibe."

"Leo umesema neno la maana," akasema Tembo. Akala maboga. Akala miwa. Akala na magunzi ya mahindi.

Wanyama wakakusanyika kilimani. Tembo akasimama kando ya ungo, tumbo mbele. Nyani akavuta kamba, krii, krii, ungo ukaelekea pale Tembo alipoonyesha kwa mkonga.

Nguruuuu! Gududu! Nguruuuu!

"Lo!" wanyama wakapiga makofi. Tembo akafumba macho kwa raha.

"Hongera, mkubwa," akasema Pimbi. "Imebaki desturi tu. Nyota mpya husikilizwa mara mbili. Ungo ukiielekea, inasema. Ungo ukigeuzwa kwingine, inanyamaza. Ndivyo tunavyojua kuwa iko mbinguni, haiko hapa kwetu."

"Ndiyo desturi," akasema Nyani, na mkono umeshafika kwenye kamba.

Tembo akashtuka kidogo. Hakujua kwa nini ameshtuka, lakini akashtuka. "Paaaaa! Habari mpya! Kuanzia leo hakuna kugeuza ungo!"

Kisha Kanga, muoga kuliko wote, akasema kwa sauti inayotetemeka, "Tumesikia."

"Kukubali bado!" wakamalizia wengine wote kwa pamoja, na kilima kikatikisika.

Nyani akavuta. Krii, krii, ungo ukaelekea mashariki.

Nguruuuu!

Krii, krii, magharibi.

Nguruuuu! Gududu!

Krii, krii, krii, Nyani akauinamisha mpaka uso wake ukatazama chini, pale pale aliposimama Tembo.

NGURUUUUU! GUDUDU! GUDUDU! PUUUU!

"Mkubwa," akasema Pimbi kwa adabu zote, "hebu sogea kidogo huko bondeni, tuone."

Tembo akasogea. Nyota ikasogea.

"Sasa zuia pumzi, mkubwa, ubane na tumbo."

Tembo akabana tumbo. Nyota ikazimika.

Kanga ndiye aliyeanza. Kekekekeke! Akacheka mpaka akaanguka chali. Nyani akacheka akining'inia kwenye kamba. Wakacheka wadogo, wakacheka wakubwa, na kila Tembo alipofungua kinywa atoe habari mpya, tumbo lilimtangulia. Akateremka kilima akielekea mtoni, mkonga umefichwa katikati ya miguu, na mpaka leo Tembo akisikia mtu anacheka nyuma yake hutandaza masikio kwa hasira.

Pimbi yeye hakucheka sana. Alimwambia Nyani, "Nigeuzie kaskazini, ndugu yangu." Krii, krii.

Ti... ti... ti...

"Geuza kwingine." Kimya.

"Rudisha." Ti... ti... ti...

Wanyama wote wakainamisha vichwa kusikiliza, hata waliozoea kusema sauti ndogo ni takataka. Pimbi akaweka kiganja chake juu ya ule udongo uliozibia nyufa.

"Nyota hii inaitwa Sikitu," akasema. "Mama, zamu yako imefika."

Hadithi yangu imefika mlangoni, mimi natoka, nyinyi fungeni.

Na funzo? Naambiwa ngano bila funzo haifai kwa watoto. Haya, chukueni: mdogo asimseme mkubwa mbele za watu, ni utovu wa adabu. Pimbi hakumsema Tembo hata kwa neno moja baya, lilimsema tumbo lake mwenyewe. Basi nanyi muwe na adabu hizo hizo. Mkubwa anapozungumza, nyamazeni. Nyamazeni kabisa, mpaka mumsikie vizuri.