Shamba la Faru Huko Mirihi

Hapo zamani za kale, lakini si kale sana, maana wanyama walikwisha kuwa na madishi juu ya paa, palikuwa na Pimbi mmoja. Wewe wa nyuma, acha kumfinya mwenzako, usije ukaniuliza baadaye pimbi ni nani. Ni yule mnyama wa mawe, mnene kama kibuyu. Mkia hana, lakini macho anayo! Mwewe akitokea upande wa jua, pimbi humwona angali mbali.

Pimbi huyu alikuwa mama wa watoto watatu, na kazi yake ilikuwa kupokea picha.

Picha gani? Subirini, nawaambia. Wanyama wa nchi ile walichanga akili zao wakatengeneza gari lisilo na dereva. Magurudumu sita, shingo ndefu, na juu ya shingo kamera. Wakalitia ndani ya roketi, wakalirusha, fyuuuu! Likaenda miezi saba bila kupumzika, likatua kwenye sayari ya Mirihi, ile nyekundu mnayoiona jioni. Kwa kuwa lilitembea polepole, likaitwa Kobe wa Chuma. Bi Kobe mwenyewe, mjumbe wa nyumba kumi wa mtaa ule, alinuna siku mbili. Siku ya tatu akaanza kujisifu kwamba ukoo wake umefika mbinguni.

Basi kila alasiri Kobe wa Chuma alituma picha, na dishi la Pimbi likanguruma, krrr, krrr, tii! Karatasi ikatoka. Pimbi akaitundika ukutani na kuwaita wanawe.

"Njooni muone! Leo kuna bonde."

"Kuna nani, mama?"

"Hakuna mtu."

"Sasa kuna nini?"

"Mawe na vumbi. Vumbi na mawe. Na hii hapa michirizi ya magurudumu yake mwenyewe."

Walishangilia hivyo hivyo. Pimbi ni watu wa mawe, na jiwe jipya kwao ni kama mgeni aliyekuja na zawadi.

Tatizo halikuwa Mirihi. Tatizo lilikuwa hapa hapa chini, na jina lake Faru.

Chini ya kilima palikuwa na chemchemi moja tu, na wanyama wote walikunywa hapo tangu enzi za mababu zao. Siku moja Faru akaja, tu! tu! tu!, akajibwaga katikati, chubwii! Akasema, "Pananifaa." Akazungusha boma la miiba. Vyura wakafukuzwa pamoja na vitanda vyao. Sungura aliyekuwa anafua akaambiwa aondoke na nguo zake zikiwa na mapovu.

Pimbi alikwenda kuomba.

"Bwana Faru, shikamoo."

"Marahaba. Toka."

"Watoto wangu wana kiu."

"Walambe umande."

Na kweli walilamba umande. Asubuhi moja Pimbi alimkuta kitinda mimba wake amepanda juu ya dishi anatafuta matone, midomo imepasuka, ulimi umekauka kau. Moyo ulimuuma Pimbi mpaka akashindwa hata kumkemea ashuke. Akajua kwamba wiki moja tena ya namna ile, atamzika mtoto.

Akakaa mbele ya ukuta wake wa picha, akawaza. Kumpiga Faru hawezi. Kumwomba, ameshaomba. Lakini alijua mambo mawili kuhusu Faru, ambayo kila mtu aliyajua na hakuna aliyethubutu kuyataja. La kwanza, Faru haoni vizuri. Kwake yeye kichuguu na mama mkwe ni mamoja, hadi anuse. La pili, tangu azaliwe hajawahi kusema "sioni", wala "sijui".

Pimbi akatazama picha. Akatazama chemchemi. Akaanza kucheka peke yake, kwi kwi kwi!

"Mama, unacheka nini?"

"Nendeni mkanikatie ukoka mbichi. Mwingi! Ule wa kando ya boma la Faru, wenye harufu ya maji."

Alizifunga picha zake ndani ya ukoka ule, akaziacha humo mpaka kesho yake. Kisha akapita nyumba kwa nyumba kuwauliza wanyama wote waliotengeneza lile gari kama wanamruhusu kuigawa Mirihi. Wakamruhusu, huku wameziba midomo kwa kicheko. Mwisho akampitia Bi Kobe, wakateremka pamoja kwa mwendo wa Bi Kobe, ndiyo maana walifika saa nne.

"Nani huyo?" Faru alifoka.

"Ni mimi Pimbi, pamoja na mjumbe. Nimekuletea ardhi, Bwana."

Masikio ya Faru yakasimama. "Ardhi? Kubwa?"

"Kubwa kiasi kwamba gari letu linaizunguka siku zote hizi na halijaona mwisho. Haina jirani. Haina nzi. Kupe hata mmoja hayuko."

"Iko wapi?"

"Iko Mirihi."

Hapo palikuwa pahali pa kuuliza, wanangu. Neno moja tu, "Mirihi ni wapi?", na hadithi ingeishia hapa. Faru akatikisa pembe.

"Aaa, Mirihi! Nani asiyeijua Mirihi? Babu yangu alikuwa anapita hapo akienda kwa wajomba!"

Bi Kobe aliingiza kichwa ndani ya gamba haraka, mabega yake yakawa yanatetemeka.

"Basi unapajua vizuri kuliko mimi," alisema Pimbi. "Lakini mila ni mila. Ardhi haipokelewi bila kukaguliwa. Hizi hapa picha za gari letu. Kagua kwa macho yako, mbele ya mjumbe."

Faru akazichukua, akazikodolea. Akaona wekundu, labda. Au weusi. Akazigeuza juu chini. Halafu akafanya kama mlivyokisia: akazisogeza puani.

Fffff!

"Ehee!" Macho yakamlegea. "Ehee! Ukoka! Tena mbichi! Na maji... nasikia maji!"

Pimbi akamwacha anuse.

Ila nimesahau kuwaambia, mgongoni kwa Faru aliishi ndege mlakupe. Huyu macho yake yalikuwa mazima. Akainama kutoka begani, akaitazama picha, akashtuka.

"Lakini Bwana, mbona hapa pote ni..."

Pimbi akamgeukia Bi Kobe.

"Nyamaza wewe!" Faru alinguruma. "Unadhani mimi sioni?"

"La, Bwana. Unaona."

"Naona! Naona majani mpaka magotini! Haya, Pimbi, unataka nini kwa ardhi yote hiyo?"

"Hiki kidimbwi chako tu, Bwana. Mimi mdogo, kidogo kinanitosha."

Faru alicheka mpaka matope yakaruka, pwaa! "Huyu mjinga! Mjumbe, andika kabla hajazinduka!"

Nchi ile haikuwa na haja ya kuandika. Walikuwa na isale, ule mmea wa majani marefu unaopandwa mpakani. Likishapandwa isale mbele ya mjumbe, neno limefungwa ndi! Anayelikanyaga kwa nguvu, hata mamaye hampokei salamu.

Bi Kobe akachimba shimo kwenye ukingo wa chemchemi, akauliza mara tatu kama mila inavyotaka.

"Faru, umekagua?"

"Nimekagua."

"Umekagua?"

"Nimekagua, mama!"

"Umekagua?"

"Hivi kobe wote ni viziwi? Nimekagua!"

Isale likapandwa. Faru akaaga kwa madaha, akaondoka kwenda zake Mirihi, tu! tu! tu!, kwa njia ya mashariki, maana alikwisha kusema anaijua. Mlakupe aliruka akabaki. Alisema mguu unamuuma.

Alipopotea nyuma ya kilima, ee! Ungesikia! Boma la miiba likang'olewa. Vyura chubwi! chubwi! chubwi! wakarudi na vitanda vyao. Sungura akaja kusuuza zile nguo, mapovu yalikwisha kukauka yakawa magumu kama mkate wa juzi. Kitinda mimba wa Pimbi alitia kichwa chote majini akanywa, akapumua, akanywa, tumbo likawa ngoma. Pimbi akamtazama, akalia kwa furaha, kisha naye akatia kichwa.

Siku ya nne vumbi likaonekana. Tifu! Tifu! Faru huyo anarudi, mbavu nje, ulimi nje. Alikuwa amezunguka siku tatu akijifanya anajua njia, mpaka alipofika kwenye mlima mwisho wa nchi, akamkuta Nyani. Kiu ilimshinda, akajifanya anampima.

"Wewe Nyani, hebu nione kama una akili. Mirihi iko wapi?"

Nyani akanyoosha kidole juu kabisa.

"Juu ya huu mlima?"

"Juu ya juu ya huu mlima, mzee. Miezi saba kwa roketi."

Sasa Faru alisimama mbele ya chemchemi akifukua ardhi kwa kwato. Wanyama wote wakarudi nyuma. Pimbi peke yake alibaki ukingoni, wanawe nyuma yake.

"Tapeli!" Faru alinguruma. "Umenidanganya! Nitakusaga na mawe yako!"

"Polepole," alisema Bi Kobe, kama kwamba angeweza kusema kwa haraka. "Hilo ni shauri, na shauri lina maswali. Pimbi alikuambia ardhi iko wapi?"

"Alisema... Mirihi."

"Nawe ukasema nini?"

Faru akakohoa. "Nilisema babu yangu alikuwa anapita hapo."

Chura mmoja akaanguka majini kwa kicheko.

"Alikupa picha za kweli?"

"Alinipa."

"Zinaonyesha nini?"

Faru akatazama huku na huku. Mlakupe, akiwa mgongoni kwa Nyati sasa, akaitikia kwa niaba yake: "Mawe na vumbi! Nilitaka kusema, nikaambiwa ninyamaze!"

"Pimbi alisema kuna majani?"

"Hakusema. Pua yangu ndiyo iliyosema!"

"Basi ishitaki pua," alisema Bi Kobe.

Hee! Wanyama waliangua kicheko, hata Simba akajifuta machozi kwa mkia. Faru akainamisha pembe, akapiga hatua moja, mbili. Pimbi akafumba macho. Hatua ya tatu haikuja. Mbele ya pua ya Faru palikuwa na harufu anayoijua vizuri kabisa, harufu ya jani la isale alilolishuhudia mwenyewe likipandwa.

Akainua pembe taratibu, akarudi nyuma. Halafu likatoka neno ambalo hakuna mnyama aliyewahi kulisikia kinywani mwake.

"Sioni, jamani," alisema Faru. "Sijawahi kuona vizuri tangu utotoni."

Kicheko kikakatika ji. Pimbi alifumbua macho, na sijui kwa nini, akamwonea huruma. Jitu zima lile, miaka yote hiyo, linaogopa neno dogo kama hilo!

Akatwaa kibuyu, akachota maji, akakiweka chini ya mdomo wake.

"Hiki ni cha leo tu, Bwana," alisema. "Kesho foleni inaanzia nyuma ya vyura."

Na kweli kesho yake Faru alisimama nyuma ya vyura, akilalamika kwamba wanamrukia kwato. Akazoea. Kisha kukawa na jambo jingine. Kila alasiri dishi liliponguruma, krrr, krrr, tii!, alipanda kilimani akihema, akakaa nje ya nyumba ya Pimbi maana mlango haukumtosha.

"Bi Pimbi, mimi sioni. Nisomee. Shamba langu likoje leo?"

"Leo kuna bonde, Bwana. Pana, jekundu, zuri kabisa."

"Majani?"

"Hakuna."

"Maji?"

"Hata tone."

"Na watu? Kuna aliyeingia?"

"Hakuna mtu. Ni gari letu tu, na michirizi ya magurudumu yake."

Faru akashusha pumzi ndefu ya raha. "Afadhali! Siku hizi wavamizi wamezidi."

Watoto wa Pimbi waliviringika sakafuni kwa kicheko mpaka mama yao akawatupia ukoka.

Mimi nilikuwa pale, nilishika foleni nyuma ya Faru, ndiyo maana nimechelewa kufika kwenu. Nanyi msisahau: asiyekubali kusema "sioni" hupewa vumbi akalipokea kwa harufu ya majani.