Pongo wa Mkia Mweupe na Mdomo wa Mbaluka

Paukwa!

Pakawa!

Hiyo ni sauti ya watu walioshiba, au ya watu waliolala? Paukwa!

Pakawa!

Afadhali. Sasa, asiyeniamini anyooshe mkono mapema nimjue sura. Ndunge, binamu yangu, nakuona unavyokunja pua. Najua umesoma mpaka ukavaa joho, na mimi shule niliiacha darasa la sita, nikamwachia mwalimu chaki yake na kiboko chake. Lakini hakuna kitabu kitakachokueleza ninachokueleza leo, kwamba babu yangu alirushiana maneno na pongo siku tatu, na pongo akajibu. Sema ni uongo! Nakupa nafasi, sema! Ngozi ya pongo huyo ipo. Nyanya ameikalia hapo hapo, anakoroga chungu cha kunde, na mkia wenyewe unachungulia chini yake. Nyanya, hebu sogea kidogo waone.

"Sisogei," alisema nyanya, ambaye huniita mume kwa utani wa nyanya na mjukuu. "Endelea, mume wangu. Nakusikiliza."

Mmeona? Mwenyewe anakubali. Haya.

Hapo zamani za kale, si zile za kale kabisa, bali zile ambazo nyanya alikuwa na meno yake yote na babu hana mvi hata moja, palikuwa na kijiji cha watu wa upinde. Juu kilima, chini mto, katikati mashamba ya kunde. Watu wa hapo walijua kupiga mshale kama ninyi mnavyojua kupiga soga. Kila mwindaji alikata alama yake kwenye mishale yake ili pasiwe na ugomvi, na desturi yao ilikuwa hivi: nyama ni ya kijiji kizima, ngozi ni ya mwenye alama. Ngozi ni yake, na hadithi ni yake. Mtu mwingine haisimulii mpaka mwenyewe ampe ruhusa.

Nyanya akakohoa.

Moshi huo, nyanya? Pole.

Katika kijiji hicho aliishi kijana Mbaluka mwana wa Ndeto. Mrefu, mpana wa mabega, mzuri wa sura. Msihangaike kumfikiria, niangalieni mimi tu. Baba yake alipofariki alimwachia upinde mmoja, na Mbaluka aliupenda upinde ule mpaka usiku akiulaza kando yake na kuufunika blanketi, yeye mwenyewe akibaki miguu nje. Mishale yake ilikuwa na chale tatu, fupi fupi. Kosa lake lilikuwa moja tu, nalo lilikuwa chini ya pua. Mdomo! Mbaluka akipiga njiwa, utadhani ameangusha tembo. Akimkosa, utadhani njiwa amemkosea adabu.

Basi mwaka huo akaja pongo mmoja mkubwa. Mgongo wa kahawia, madoa ubavuni, pembe zimesokotwa kama kamba. Mkia ukilala ni wa kahawia kama wa wenzake, lakini akiuinua, chini ni mweupe kama unga. Akala kunde za mashariki. Akala kunde za magharibi. Akala kunde za akina Syokau, shamba la mwisho karibu na mto, mpaka akabakiza vijiti.

Watu wakakutana kwa Mzee Kavisi, mkuu wa wawindaji.

"Ni nani kati yenu," mzee akaanza, "atakaye..."

"Mimi!" akasema Mbaluka.

"Sijamaliza kuuliza, mwanangu."

"Maliza tu, mzee. Jibu litakuwa lile lile."

Watu wakacheka. Mzee Kavisi hakucheka. Alimtazama Mbaluka, akautazama upinde wa marehemu Ndeto, akasema, "Vema. Siku tatu. Kwa kuwa umejitaja wewe kabla ya kazi kutajwa, nami nataja sharti langu. Siku ya tatu ukirudi mikono mitupu, upinde wa baba yako utakuwa wa yeyote atakayempiga pongo huyo."

Mbaluka aliukumbatia upinde. Lakini mdomo wake ulikuwa umeshaondoka mbele, haumngojei.

"Siku tatu za nini, mzee? Mbili zitakuwa za kupumzika!"

Siku ya kwanza, kabla jua halijachomoza, Mbaluka alipanda dungu alilolifunga juu ya mgunga, pale pongo wanaposhukia kunywa maji. Alirusha jivu kidogo kuona upepo unakokwenda, akakaa upande ambao harufu yake haitamfikia mnyama. Kazi hiyo aliijua. Na sheria ya dunguni aliijua pia: juu ya dungu hakusemwi. Hata siafu akikung'ata, unamwachia ale ashibe.

Jua likachomoza. Pongo akaja, hatua, kituo, hatua, kituo. Mbaluka akavuta upinde mpaka sikioni. Alikuwa amempata! Lakini moyo ukamwambia, utampigaje mtu bila yeye kujua amepigwa na nani? Si hasara hiyo? Akapaza sauti:

"Mimi ni Mbaluka mwana wa Ndeto! Mkono wangu haukosi, jicho langu halipepesi, mshale wangu hauendi bure!"

Pongo akainua mkia, mweupe pe.

"Hujambo, Mbaluka mwana wa Ndeto! Asante kwa kupiga hodi!"

Pyuu! Akapotelea kichakani. Mshale ukachoma matope.

Siku ya pili Mbaluka aliapa kunyamaza. Akapanda dungu, akarusha jivu, akangoja. Pongo akaja, hatua, kituo, hatua, kituo. Mbaluka akavuta upinde mpaka sikioni. Akasema moyoni, nitanong'ona tu, kunong'ona si kusema. Akanong'ona:

"Mimi ni Mbaluka mwana wa Ndeto. Mkono wangu haukosi, jicho langu halipepesi, mshale wangu..."

Masikio ya pongo yakageuka kabla ya kichwa. Mkia ukapanda, mweupe pe.

"Leo una mafua, mwana wa Ndeto? Ugua pole!"

Pyuu! Kichakani.

Jioni Mbaluka alirudi kijijini akipita njia ya nyuma ili asionwe. Akaonwa. Syokau alikuwa anashuka kutoka dungu la shambani kwao, alipokaa siku nzima kufukuza ndege na kusikia yote ya mtoni.

"Rafiki wa pongo, shikamoo yake imekufikia?"

"Syokau, niache."

"Nasikia leo amekupa pole ya mafua. Ana malezi mazuri mnyama yule."

Mbaluka akasimama. Akaushika upinde kwa mikono miwili. "Syokau, kesho ukichukuliwa huu, sina kitu kingine cha baba."

Syokau akaacha kucheka. "Jaza maji mdomoni," akasema. "Uyashike. Mwenye maji mdomoni hana la kusema."

"Umejuaje?"

"Nakaa dunguni tangu nikiwa mdogo. Uliwahi kunisikia?"

"Hapana."

"Basi."

"Na kesho usije kule kunicheka."

"Mimi? Mimi nakwenda kutafuta kuni."

Nyanya akakohoa. Moshi leo umemkamata kweli.

Siku ya tatu! Mbaluka alipanda dungu, akarusha jivu, akapiga funda kubwa la maji kutoka kwenye kibuyu, akayashika. Mashavu yalimjaa kama chura. Pongo akaja, hatua, kituo, hatua, kituo. Akasimama. Akangoja salamu. Salamu haikuja.

"Mbaluka mwana wa Ndeto! Leo huna jina?"

Kimya. Mbaluka akavuta upinde robo.

"Nasikia mkono wako haukosi. Haukosi nini, bakuli la ugali?"

Kimya. Maji yakacheza mashavuni. Mbaluka akavuta nusu.

"Na upinde huo ukichukuliwa utalala na nani? Maana nasikia unaufunika blanketi, miguu yako ikikaa nje!"

Mbaluka akavuta mpaka sikioni. Akaachia. Twaa! Kisha akafanya kama desturi inavyotaka: alitema mate kwenye jani, akangoja yakauke ili mnyama aishiwe nguvu, ndipo akashuka afuate damu. Akamkuta pongo amelala kwenye nyasi, mkia mweupe umetulia. Akambeba mabegani mpaka kijijini. Vigelegele! Ngoma! Upinde wa Ndeto ukabaki, kunde zikachipua, na Mbaluka akamwoa Syokau, naye ndiye nyanya yetu huyu. Na mkono wa babu ndio huu hapa ninawaonyesha. Haukosi!

Haya, mnapiga makofi au mnangoja mpaka kesho?

Nyanya akakohoa mara ya tatu. Na safari hii moshi ulikuwa unaelekea upande mwingine.

"Kaka," akasema Ndunge, "nina swali."

"Wenye joho hawaishiwi maswali. Uliza."

"Ulisema ngozi ni ya mwenye alama."

"Nilisema."

"Babu alikalia kigoda mpaka anakufa. Ngozi hiyo hata kuikanyaga alikuwa hathubutu. Mbona ya nyanya?"

"Alimpa. Mapenzi hayo, utayajulia wapi wewe?"

"Hakunipa," akasema nyanya, huku akifunika chungu. "Mume wangu, kuna kipande umekiruka. Ukiseme wewe, au nikiseme mimi?"

Nakisema, nakisema! Nilikuwa nakuja huko. Siwezi kusema yote kwa pumzi moja.

Ni hivi. Pale kwenye habari ya blanketi, babu hakukasirika. Alicheka. Mtu ukiambiwa kweli yako asubuhi na mapema, na pongo, utafanyaje? Maji yakamtoka puuu, yakamlowesha pongo kichwa chote, na mshale ukaenda kuchoma shina la mgunga wa jirani. Mpaka leo ungekuwepo kama mti usingekatwa.

Pongo naye akacheka. Akacheka mpaka miguu ikamlegea. Siku zote alikuwa akikimbia vichaka vitatu bila kugeuka. Siku hiyo alikimbia hatua kumi, akasimama kwenye uwazi, akainua mkia, mweupe pe, akapaza sauti:

"Mimi ni Pongo wa Mkia Mweupe! Mguu wangu hautelezi, sikio langu halisinzii, na hakuna mshale..."

Hakumaliza. Twaa! Mshale ulitoka kwenye mti wa pili, ambako hapakuwa na mtu aliyejitaja.

Babu aliruka kutoka dunguni. Hakungoja mate yakauke, kwani mate alikuwa hana tena, yote yalikuwa kwa pongo. Akakimbia. Akamkuta Syokau amekaa chini, upinde wa kaka yake magotini, hatua chache kutoka pale pongo alipoangukia, anatazama jani.

"Syokau! Ni wewe..."

"Nyamaza," akasema Syokau. "Mate hayajakauka."

Wakakaa. Jani likakauka. Wakauchomoa mshale, na alama yake ilikuwa chale moja, ndefu. Babu akaitazama. Akautazama upinde wa baba yake. Podoni mwake mlikuwa na mishale saba ya chale tatu, na pale hapakuwa na shahidi ila nyasi. Syokau aliliona jicho lake lilipokwenda. Akaufuta mshale kwa nyasi. Mnamjua nyanya.

Babu akambeba pongo. Walipofika, watu wote wamejipanga, Mzee Kavisi akafungua kinywa aulize, na babu akamwahi kama kawaida yake.

"Ni wa Syokau," akasema.

Mzee alingoja. Alidhani kuna mengine yanafuata, kwa kuwa siku zote yalifuata. Hayakufuata. Babu akauvua upinde wa baba yake begani, akaupokeza Syokau kwa mikono miwili, akaenda kukaa nyuma ya watu.

Kesho yake asubuhi alipiga hodi kwa akina Syokau. "Nimekuja kuupaka upinde mafuta. Usipopakwa utapasuka." Keshokutwa akaja tena. "Nimekuja kuuangalia kamba." Siku ya tatu akaja na blanketi. Mama yake Syokau akamwita mumewe, "Baba Syokau, hebu toka nje. Huyu kijana anaposa upinde au anaposa msichana?"

"Muulize msichana," akasema Baba Syokau.

Na msichana akasema, "Akae. Lakini upinde ni wangu."

Upinde wa Ndeto haukurudi kwa Mbaluka. Mbaluka ndiye aliyeufuata. Kwa hiyo mkono huu niliowaonyesha, kama kweli haukosi, si wa babu. Wa babu ni mdomo. Huo nimerithi wote.

"Na ruhusa ya kusimulia?" akauliza nyanya. "Uliiomba kwa nani?"

Naiomba sasa, nyanya.

"Umeshasimulia ndipo unaomba?"

Ndunge, usicheke, utapaliwa.

Nyanya akasogea kidogo, mkia mweupe ukatokea wote, watu wote wakauona. Akafunua chungu.

Haya, kunde zimeiva. Hadithi yangu imeishia hapo, kwa sababu kumbe haikuwa yangu. Mwenyewe apakuliwe kwanza.